Hamira Iliyogoma Kula

Jumanne saa mbili asubuhi Inspekta aliingia ua wa kituo cha utafiti akiwa na daftari jipya, kalamu mbili, na Sajini aliyekuwa akipiga chafya tangu getini. Mshukiwa hakuhitaji kutafutwa. Alikuwa amekaa kwenye benchi chini ya dirisha la maabara, mkoba mapajani, kama abiria aliyewahi basi. Alikuwa mama mtu mzima mwenye mikono mikubwa na makovu ya kuungua. Kila aliyepita alimsalimia kwa sauti ya chini, vile watu wanavyosalimia wagonjwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kunifunga?"

"Nimekuja kuuliza."

"Basi kaa. Maswali ya kusimama yanamchosha anayejibu."

Inspekta akakaa. Sajini akabaki wima, leso puani.

"Unafanya kazi gani hapa?"

"Napika."

"Unawapikia wafanyakazi?"

"Wafanyakazi watajijua. Mimi nawapikia hamira."

Sajini akacheka, na cheko lake likaishia kwenye chafya. Mpishi akamwonea huruma, akamwonyesha upande wa benchi ambao upepo ulikuwa haufiki, kisha akaeleza bila haraka. Hamira za hapa zilifugwa kama kuku. Kila ukoo ulikuwa na namba yake kwenye madaftari ya wasomi, lakini yeye alizipa majina, maana namba hazikai kichwani. Chakula alichozipikia kilikuwa cha aina mbili. Kimoja alikiita chakula cha harusi, mchuzi wa rangi ya chai ya rangi ambao ndani yake hakikosekani kitu. Cha pili alikiita chakula cha jela. Hicho kilikuwa maji, chumvichumvi za chupani, sukari ya aina moja, na unga wa mwani wa kukigandisha kwenye sahani.

"Hamira inayojiweza ukiipa cha jela inanenepa," alisema. "Vitu vingine vyote inajitengenezea yenyewe humo ndani yake. Isiyojiweza inakaa tu, inakutazama."

"Na iliyoibiwa?"

"Mlafi." Uso wa mpishi ulilainika. "Hamira ya kawaida ukiipa sukari inayotoka kwenye mbao, haiijui. Itakufa njaa na sahani imejaa. Mlafi alizaliwa humu humu, miaka minne iliyopita. Jeni zake ziligeuka kidogo, akaamka anakula sukari ya mbao. Daktari alicheza siku hiyo. Alicheza pale, penye bomba."

Inspekta akalitazama lile bomba katikati ya ua.

"Na jana alisimama hapo hapo," mpishi akaendelea, "akasema nimemwiba Mlafi nikamuuza. Wafagiaji wanasikia, walinzi wanasikia, mpaka yule anayeleta magazeti. Miaka ishirini na miwili, mwanangu. Alhamisi saa nane mchana kuna kikao. Wakisema ndiyo, natoka geti lile nikiwa mwizi, na kazi kwaheri."

"Ulimuuza?"

"Nimuuzie nani? Anakula mbao."

Inspekta aliandika jibu hilo kama lilivyo, akasimama.

*

Daktari, mkuu wa maabara, alikuwa mwanamke mwembamba aliyezungumza huku akitembea, kwa hiyo Inspekta alilazimika kuzunguka naye meza mara kadhaa kabla ya kupata habari nzima.

Jumatatu ya wiki iliyopita, mwanafunzi wake alimtoa Mlafi kwenye friza akampanda kwenye sahani mpya za sukari ya mbao. Kwa kawaida siku ya tatu sahani hujaa vidoa vyeupe. Alhamisi zilikuwa tupu. Wakarudia siku hiyo hiyo. Jumatatu, yaani jana, zilikuwa tupu tena.

"Maana yake iliyomo frizani siyo Mlafi," Daktari akasema. "Kuna mtu kamtoa, akaweka hamira ya mkate mahali pake. Kwa macho huwezi kuzitofautisha. Funguo za friza ni tatu. Yangu, ya mwanafunzi, ya mpishi. Na Ijumaa, kwa dirisha hili, nilimwona mpishi getini anampa mwokaji mikate chupa iliyofungwa kitambaa."

"Ijumaa ipi?"

"Hii iliyopita."

"Na sahani za kwanza zilikuwa tupu lini?"

"Nimesema. Alhamisi."

"Kwa hiyo Ijumaa alitoka na kitu ambacho Alhamisi kilikuwa kimeshapotea."

Daktari akasimama kwa mara ya kwanza. "Huenda aliiba mara mbili."

"Huenda," Inspekta akakubali, akaandika.

Sajini alitumwa getini akalete kitabu cha mlinzi, kile ambacho kila kinachotoka huandikwa. Alirudi nacho kikiwa wazi, uso umemkunjuka. Ijumaa iliyopita kulikuwa na mstari: mpishi, chupa moja, kinyunya kilichochachuka. Ijumaa ya kabla yake, mstari ule ule. Na ile ya kabla yake. Sajini alikuwa amerudi nyuma miaka sita kabla kidole hakijachoka.

"Mwizi mwenye nidhamu sana, afande," alisema.

*

Duka la mwokaji lilikuwa mwendo wa dakika tano, upande wa pili wa barabara. Joto la tanuri lilikupokea mlangoni. Mwokaji alikuwa mume wa mdogo wake mpishi, na aliposikia jina la shemeji yake likitajwa pamoja na neno wizi, aliweka chini koleo la mikate akaomba aambiwe tena.

"Shemeji yangu mimi? Yule ambaye akiokota kifungo anazunguka mtaa mzima anauliza kimemdondoka nani?"

"Ijumaa alikupa chupa."

"Kila Ijumaa ananipa chupa. Ni kinyunya changu cha kuanzia mkate mchachu. Hapa joto linakiua, basi kinakaa kwake, kwenye jokofu la chai la wafanyakazi. Anakilisha, anakibembeleza. Nadhani anakipenda kuliko anavyonipenda mimi." Akatoa chupa chini ya meza, akaifungua. Sajini alirudi nyuma hatua tatu.

"Wanasema huenda ni hamira ya maabara. Inayokula mbao."

Mwokaji alifikiri. Kisha alianza kucheka, cheko la mtu mnene, la taratibu, likipanda.

"Inakula mbao? Sasa mimi niiweke wapi? Meza yangu hii ya kukandia ni mbao. Rafu ni mbao. Mlango ni mbao. Asubuhi nifike nikute mkate umekaa peke yake sakafuni, duka limeliwa."

Hata Inspekta alitabasamu. Alinusa chupa. Ilinuka siki na unga, na mapovu yake yalikuwa ya kinyunya cha siku zote. Aliomba kitu kimoja tu, hamira kavu ya kawaida, ile ya pakiti, kiasi cha kujaza kofia ya kalamu. Mwokaji alimfungia kwenye karatasi, akaongeza mikate miwili ya moto.

"Mmoja wa shemeji," alisema. "Mwambie asikae bila kula. Anapokasirika huwa anasahau."

*

Mwanafunzi aliitwa Miwani na kila mtu, maana alikuwa na jozi mbili, moja usoni na moja kichwani. Alikuwa msichana mpole aliyejibu kwa usahihi unaochosha. Inspekta alimpenda papo hapo.

"Ulimpanda Mlafi ukimtoa frizani tu?"

"Mara ya kwanza, ndiyo. Mara ya pili nilipanda kutoka frizani, na pia kutoka kwenye sahani ya zamani iliyokuwa imejaa."

"Imejaa nini?"

"Mlafi. Alikuwa amekua vizuri kwenye sukari ya mbao. Sahani ya mwezi uliopita."

"Na kutoka kwenye sahani hiyo, ukampeleka kwenye mpya?"

"Hakukua."

Inspekta aliweka kalamu chini. "Ngoja nielewe kama mtu asiyesoma. Hamira ile ile mwezi uliopita ilikuwa inakula. Umeiona kwa macho yako, imejaa sahani. Umeichota, umeihamisha kwenye sahani nyingine yenye chakula kile kile. Ikagoma."

"Ndiyo."

"Mwizi aliingilia wapi hapo? Kati ya sahani na sahani?"

Miwani alivua miwani, akavaa ile ya kichwani, kana kwamba jibu lilikuwa dogo mno kwa jozi ya kwanza. "Sikuliangalia hivyo," alisema.

"Hizo sahani tupu ziko wapi?"

"Kwenye ndoo ya taka. Huwa zinachemshwa kwa mvuke kabla ya kutupwa. Lakini anayechemsha ni mpishi, na mpishi amesimamishwa. Kwa hiyo ndoo imejaa."

"Mungu ambariki aliyemsimamisha," Inspekta akasema. "Lete ndoo."

Walizipanga sahani thelathini na moja mezani, zote za duara, ndogo, vifuniko vya plastiki. Inspekta alizichukua moja baada ya nyingine, akazishika kwenye mwanga wa dirisha, akazigeuza, akaweka. Zilikuwa safi kama kioo kilichotoka kufutwa. Sajini alihesabu kwa sauti kutoka mlangoni. Kwenye sahani ya kumi na tisa Inspekta hakuweka chini.

Ilikuwa na doa la kijani, dogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho.

"Samahani," Miwani akasema, masikio yakimwiva. "Huo ni ukungu. Niliacha kifuniko wazi kidogo. Sahani chafu, haihesabiwi."

"Njoo uitazame."

"Nilishaitazama, ni chafu."

"Umeona uchafu, ukaacha. Tazama pembeni mwa uchafu."

Miwani aliinama. Kulizunguka lile doa la kijani kulikuwa na vinukta vyeupe, vinene karibu na ukungu, vikipungua na kudhoofika kadiri vilivyokaa mbali, mpaka vikaisha. Mbali na ukungu hapakuwa na kitu.

"Hii ni hamira," alisema polepole.

"Inafanya nini hapo?"

"Inakula. Lakini jirani na ukungu tu."

"Kama mtu aliyeishiwa chumvi," Inspekta akasema. "Sukari anayo, moto anao, chungu anacho. Anakwenda kugonga kwa jirani, anapewa kiganja kimoja, anarudi kupika. Anayekaa mbali na jirani analala njaa. Mlafi wenu hakuibiwa. Yumo humu. Kuna kitu kidogo anachokikosa, na ukungu unamwazima."

"Au ni hamira ya mkate, na ukungu unaisagia sukari ile kuwa sukari nyingine," Miwani akasema. Alisema kwa kuomba radhi, lakini alisema.

Inspekta alimtazama kwa furaha ya wazi. "Vizuri. Basi hatujamaliza. Chakula cha jela kinapikwa wapi?"

*

Daktari alipinga. Mpishi alikuwa amesimamishwa, hana ruhusa ya kukanyaga jikoni. Inspekta alimsikiliza mpaka mwisho.

"Jikoni ni eneo la tukio, Daktari. Kwenye eneo la tukio mwenye nyumba ni mimi. Mama, karibu ndani. Usinieleze unavyopika, nionyeshe."

Mpishi alining'iniza mkoba kwenye msumari wake, akafunga kitambaa kichwani, na papo hapo akawa mtu mwingine, mrefu zaidi. Mikono ilienda penyewe kwenye kila kitu. Wakati anapima chumvi hakutazama mtu.

"Zamani, asubuhi naanza na cha harusi," alisema. "Nikishamimina kwenye chupa, nasuuza sufuria mara tatu, kisha napikia cha jela. Ndivyo alivyonifundisha aliyenitangulia. Mara tatu, si mbili."

"Sufuria moja?"

"Hii hapa." Akagonga sufuria kubwa ya alumini, imebonyea tumboni, ukingo wake umeviringishwa kwa nje. "Tumezeeka pamoja. Lakini sasa cha jela napikia kwenye hii." Akafunua kitambaa. Sufuria mpya iling'aa, chuma kisichoshika kutu, ukingo umenyooka kama umekatwa kwa wembe. Utepe mwekundu ulikuwa bado umefungwa mpinini. "Zawadi. Wiki mbili zilizopita, Ijumaa, walinifanyia sherehe ndogo ya miaka ishirini na miwili. Nikasema hii haitagusa mchuzi. Itapika kitu safi tu."

"Nani alikupa?"

Mpishi alimwonyesha Daktari kwa mdomo, bila kugeuka.

Inspekta alichukua ile ya zamani, akamwomba mpishi apashe humo mchuzi kidogo wa harusi, aumwage, kisha asuuze kama alivyozoea. Mara ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Ndani ya sufuria ukaweza kujiona uso. Kisha Inspekta akaigeuza juu chini na kuipigapiga kwa kiganja.

Kutoka ndani ya mviringo wa ukingo lilitoka tone. Likatulia mezani, kahawia. Likafuata la pili. La tatu lilimdondokea Daktari kwenye mkono wa koti jeupe.

"Mama yangu alikuwa akinirudisha kuosha upya kwa sababu ya ukingo kama huu," Inspekta akasema. "Maji yanaingia humo na hayatoki mpaka uyaombe."

"Matone matatu," Daktari akasema. "Sufuria inabeba lita tano. Matone matatu hayawezi kulisha hamira."

"Kama ni sukari, hayawezi," Miwani akasema nyuma yake. Kila mtu aligeuka, naye akajikunyata, lakini akaendelea. "Kama ni vitamini, yanatosha. Hamira inataka vitamini kidogo sana. Kidogo kuliko unavyoweza kupima kwa kijiko."

Daktari alivuta kigoda akakaa. Alilitazama lile doa mkononi, akatazama sufuria mpya, akatazama utepe. Inspekta aliona kichwa kile kikifanya hesabu zake haraka kuliko miguu ilivyokuwa ikitembea.

"Thibitisheni," Daktari akasema mwishowe. "Sitaki hadithi. Nataka sahani."

"Hata mimi," Inspekta akasema.

*

Walifanya kazi mpaka saa saba mchana. Mpishi alipika chakula cha jela kwenye sufuria mpya, sukari ya mbao na chumvi zake, wakamimina sahani kumi. Miwani alimpaka Mlafi kutoka frizani kwenye sahani tano. Kwenye tano nyingine alipaka hamira ya pakiti iliyotoka kwa mwokaji. Kisha akakata viduara vya karatasi kwa ile mashine ya ofisini ya kutobolea matundu, vikachemshwa kwa mvuke, na kila sahani ikapewa sita.

Sheria ya viduara ilitungwa na Inspekta. Kila kimoja kililoweshwa kitu chake, na hakuna mtu wa maabara aliyeruhusiwa kujua namba ipi ni ya nini. Chupa zilipangwa na Sajini peke yake, pua ameifunga kwa leso mbili, chumba kimefungwa. Aliandika orodha, akaitia kwenye bahasha, akapiga muhuri. Sahani ziliingia kwenye kabati la joto, na mlango wa kabati ukabandikwa karatasi ya polisi.

"Nimekaa kazini miaka kumi na nane," Sajini akasema, "sijawahi kuweka hamira rumande."

"Uziangalie zisitoroke," mpishi akamwambia. "Mmoja wao anakula milango."

Akachukua mkate wa shemeji yake, akaukata vipande vitano, na watu wakala wamesimama. Daktari alipokea kipande chake bila kuinua macho.

*

Alhamisi saa tatu asubuhi Inspekta alikata karatasi ya polisi mbele ya watu wanne, akiwamo mwenyekiti wa kikao, mzee mkimya aliyevaa tai fupi. Mpishi hakuingia. Alikaa kwenye benchi lake, akasema kama ni habari njema zitamkuta, na kama ni mbaya zinajua njia.

Miwani alitoa kwanza sahani za hamira ya mkate. Zote tano tupu, viduara sita vimelala kama sarafu kwenye barafu. Hivyo hamira ya mkate haikuiweza sukari ya mbao, hata ilipopewa kila kitu kingine.

Kisha akatoa za Mlafi.

Alitazama ya kwanza, akaweka. Akatazama ya pili. Ya tatu akamkabidhi Inspekta. Kuzunguka kiduara namba mbili palikuwa na duara jeupe, nene, kama povu la maziwa. Kuzunguka namba tano pia, pana zaidi. Vile vinne vingine vilikuwa peke yao. Sahani zote tano zilisema jambo moja.

"Mbili na tano," Inspekta akasema. "Sajini."

Sajini alivunja muhuri na kusoma kwa sauti ya mahakamani. "Namba moja, maji matupu. Namba mbili, matone ya ukingo wa sufuria ya zamani. Namba tatu na nne, vitamini nisizoweza kuzitamka. Namba tano, vitamini be moja. Namba sita, hiyo nayo imenishinda."

Daktari alikuwa ameshainamia sahani. Alikaa hivyo kitambo, pua karibu iguse kifuniko, na alipoinuka uso wake haukuwa wa mtu aliyeshindwa. Alikuwa anacheka.

"Miaka minne," alisema. "Miaka minne naandika kwamba anakula sukari ya mbao na hataki kingine. Kumbe alipopata mdomo mpya alipoteza mkono. Hawezi tena kujitengenezea vitamini hii. Labda ni badiliko moja la jeni limefanya yote mawili, labda ni mawili tofauti, sijui, tutalitafuta. Kila mara alikuwa anaokolewa na sufuria isiyotakata, na mimi sijui. Miwani, unaona? Hii ni kubwa kuliko tuliyokuwa nayo."

"Naona," Miwani akasema. Alikuwa amevaa miwani zote mbili.

"Lazima tumwambie—" Daktari akaanza, kisha akasita. Cheko lilimtoka usoni polepole. Kupitia dirishani, benchi lilionekana vizuri, na kisogo cha aliyekaa juu yake.

Mwenyekiti alikohoa. "Basi kikao hakina kazi," alisema. "Nitaandika barua mama arudi jikoni. Tumalize kimyakimya, hakuna haja ya kelele."

Inspekta alifunga daftari. Kwa upande wa polisi, hapakuwa na mwizi wala kilichoibiwa, na angeandika hivyo. Lakini alitoka nje yeye mwenyewe kwenda kumweleza mpishi, akamweleza yote, viduara, namba, ukingo wa sufuria, barua ya mwenyekiti. Mpishi alisikiliza mpaka mwisho.

"Barua nitaipokea," alisema. "Lakini barua itakaa kwenye kabati langu. Wafagiaji hawataisoma. Anayeleta magazeti hataisoma. Niliitwa mwizi penye bomba, mwanangu. Niondolewe jina hilo penye bomba, saa ambayo watu wapo. Bila hivyo siingii jikoni, hata mnibebe."

"Nimwambie?"

"Amesikia. Dirisha liko wazi."

Saa sita mchana, kengele ya mapumziko ilipolia na ua ukajaa, Daktari alitoka. Alikuwa amevua koti jeupe. Alienda mpaka penye bomba bila kukimbia, akasimama, na watu waliokuwa wakinawa mikono wakampisha. Sajini alijipenyeza mbele. Mwokaji alikuwa amefika na kapu, akasimama nalo begani.

"Jumatatu nilisema hapa kwamba mpishi wetu ameiba," Daktari akasema. "Nilikosea. Hakuna kilichoibiwa. Aliyeharibu ni mimi, kwa kutojua hamira yangu mwenyewe inakula nini. Yeye hakufanya kosa lolote. Namwomba radhi."

Kisha mfagiaji mmoja wa kike, mwenye ufagio kama mkuki, akasema kutoka nyuma, "Huku hatujasikia."

Watu wakaanza kuchekea viganjani. Daktari alivuta pumzi, akasema upya, kwa sauti kubwa zaidi, neno kwa neno.

"Na mlinzi yuko getini," mfagiaji akasema. "Naye ana masikio."

Daktari aliligeukia geti. Safari hii alipaza sauti kiasi kwamba njiwa waliruka kutoka paani, na alipofika kwenye neno radhi akacheka na kufuta macho kwa wakati mmoja. Vigelegele vilianzia kwa wafagiaji, vikazunguka ua, vikarudi. Mlinzi aliinua kofia. Mwokaji alikuwa ameshaanza kugawa mikate.

Mpishi alisimama kutoka kwenye benchi. Alinyoosha gauni, akapita katikati ya watu mpaka penye bomba, akamtazama Daktari vizuri, kama mtu anayeangalia kama chungu kimeshaiva.

"Haya," alisema. "Nimesikia. Sasa twende, Mlafi ana njaa ya wiki mbili, na wewe ndiye utakayenishikia chupa ya vitamini."